Katuni Iliyosema Maneno ya Mama Mdogo

Sauti ndiyo iliyotangulia. Kabla sijaona televisheni wala mabenchi ya kibanda cha video cha Bombambili, nilisikia kupitia ukuta wa mabanzi mwanamume akilia kwa sauti ya msichana, kisha akijibembeleza mwenyewe kwa sauti nzito. Hata leo, kipaza sauti kikikoroma mahali, mimi hutafuta mlango.

Mwenye sauti zile alikuwa kaka Gaspa, mchumba wa mama mdogo Skola. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mikanda ya kila nchi ilifika Songea, na kazi ya Gaspa ilikuwa kukaa kando ya televisheni akiwasemea wahusika wote kwa Kiswahili kwenye kipaza sauti: baba, bibi, hata paka. Kijapani cha mikanda ya katuni hakujua neno. Tulilifahamu hilo, na hatukujali.

Mama mdogo aliishi kwetu. Mwandiko wake ulimtia aibu, kwa hiyo barua zake kwa Gaspa niliziandika mimi, mtoto wa darasa la nne. Yeye alisema, mimi nilipamba. Sentensi moja nilijivunia kupita zote: "Ukipita barabarani nasahau jikoni, nyumbani wameshazoea maharage yaliyoungua." Ilikuwa kweli tupu. Tulikuwa tumeyala wiki nzima.

Jumamosi moja mchana alivaa kitenge kipya, tukaenda kumsikiliza mchumba wake. Mkanda ulikuwa katuni ya Kijapani, ya mapenzi na vichekesho. Msichana wake alikuwa na nywele za rangi ya waridi na macho makubwa kama visosi, na kila alipomwona kijana wa jirani alijikwaa. Nilimpenda papo hapo. Kisha, darajani, akamshika kijana mkono, akafungua mdomo, na Gaspa akabana pua:

"Ukipita barabarani nasahau jikoni."

Alipofika kwenye maharage, kibanda kizima kilicheka. Mzee mmoja akamshauri kijana wa kwenye katuni aoe upesi kabla nyumba haijaungua. Gaspa, kwa kuona watu wamenogewa, akaendelea na barua hadi sehemu ambapo mama mdogo alisema aliwahi kuachwa na mchumba nguo ya harusi ikiwa imeshakatwa, na kwamba safari hii hataweza kuvumilia. Wakacheka zaidi.

Nami nilicheka. Sentensi zilikuwa zangu, na watu wazima walikuwa wakizifurahia.

Mama mdogo akanigeukia. "Hata wewe, Imelda," alisema taratibu.

Kwa miaka mingi nilimhesabu msaliti mmoja tu, yule mwenye kipaza sauti. Nilipoanza kuandika riwaya ndipo nilipoelewa kwamba mle ndani tulikuwa wawili. Gaspa alitafuta maneno ya mapenzi, akakuta hana ya kwake. Mimi nilikuwa nayo, lakini nilisahau yametoka kwa nani. Tulisikia maneno matamu. Mama mdogo alisikia maisha yake.

Alisimama, akakatiza mbele ya televisheni, na kwa nukta moja kitenge chake kikamfunika yule msichana mwenye macho ya visosi.

"Skola, kaa basi," Gaspa alisema, akisahau kwamba kipaza sauti bado kiko mdomoni. "Inaisha vizuri."

Hakugeuka. Mlango wa bati ukajifunga nyuma yake.