Wakia Tatu Mfukoni

Katika daftari la duka, Zedekiah Were alikuwa mfagiaji. Kila mwezi inspekta wa polisi alipokuja kuhesabu bunduki, alipitisha kidole kwenye majina mawili yaliyoandikwa humo: Tarsem Singh, fundi, Zedekiah Were, mfagiaji. Ilikuwa Nairobi ya mwaka 1955, mji umezungushiwa seng'enge na hofu ya waasi wa msituni, na Mwafrika aliyeonekana na risasi moja tu aliweza kunyongwa. Duka la bunduki la katikati ya mji halikuruhusiwa kumpa Mwafrika kitu chochote zaidi ya ufagio.

Lakini nyuma ya duka, upande wa pili wa pazia la gunia, palikuwa na meza, na juu ya meza jiliwa la kubania chuma na tupa kumi na moja za Were.

Kazi yake ilikuwa vishikio vya darubini. Wawindaji wa Kizungu walikuwa wameanza kufunga darubini juu ya bunduki zao, na vishikio vilivyotoka Ulaya vilikuwa vya chuma kizito. Bunduki ilielemea juu, ikapinduka mkononi, na mtu aliyetembea nayo siku nzima porini alirudi akilaani. Were alivipunguza. Alitoboa matundu ubavuni, akachimba tumbo la chuma kwa chini, akapiga tupa mabega ya zile pete mbili zinazokumbatia darubini, akafupisha skrubu. Kisha alikifunga kishikio kwenye gogo na kuligonga kwa nyundo ya mbao mara mia, kwa sababu bunduki hurusha teke nyuma kama punda, na kishikio kikilegea hata kwa unywele risasi inakwenda kwingine.

"Chuma kingi hapa hakifanyi kazi," alikuwa akisema. "Kimekaa tu, kinabebwa."

Alichokitaka ni barua. Karatasi moja yenye mhuri wa duka, isemayo kwamba Zedekiah Were ni fundi. Kwa barua hiyo angeomba kazi ya ufundi kwenye karakana yoyote, na kwa kazi hiyo angepata chumba chake mwenyewe. Wakati huo alilala Kileleshwa, katika kibanda cha watumishi nyuma ya nyumba ya Mzungu ambako mkewe Nanjala alikuwa yaya. Kibali chake cha kulala hapo kiliandikwa na memsahibu mwezi kwa mwezi: mume wa yaya.

"Wewe leta kishikio hii kwa mizani chini ya wakia tatu, bila kuvunjika," Tarsem alimwambia, "mimi naandika barua. Kwa mkono yangu mwenyewe."

"Ulisema hivyo mwaka jana, Bwana Singh."

"Mwaka jana ulileta wakia nne. Hiyo iko barua ya mfagiaji."

Wakacheka wote wawili. Huo ulikuwa mwaka wao wa sita wa kufanya kazi pamoja, na Tarsem, aliyekuwa fundi hodari kabla macho yake hayajaingia ukungu, alikuwa na kipimo chake mwenyewe. Mizani naweza kudanganya, alisema. Weka kwa mfuko ya shati. Mfuko ikivutwa na uzito ikilala chini, rudi kazini.

Jumamosi moja asubuhi mizani ilisimama kwenye wakia mbili na robo tatu. Were alikitia kishikio katika mfuko wa shati, akafunga kifungo, akasimama wima. Shati halikuvutika. Akamwita Tarsem. Tarsem alikuja, akautazama mfuko kwa karibu sana, akaugusa kwa vidole viwili.

"Ngoja," alisema. "Kalamu iko mbele."

Akaenda mbele. Were alisikia droo ya meza ikivutwa, kisha kimya cha mtu anayeandika. Halafu akasikia kikohozi.

Kikohozi kile kilikuwa alama yao. Maana yake ni Mzungu ameingia. Were alifunika jiliwa kwa gunia, akafuta mikono, akachukua ufagio, akatokea mlango wa nyuma na kuzunguka hadi barazani. Aliyeingia alikuwa inspekta, na siku hiyo hakuwa na haraka. Were alifagia baraza ile ile mara tatu. Saa saba duka lilifungwa, inspekta bado amesimama mlangoni akiwasha kiko, na Tarsem hakuweza kusema lolote isipokuwa, "Nenda, Were. Jumatatu."

Akaenda, akiwaza barua. Kishikio hakikumkumbusha kwamba kipo mfukoni. Hakikuwa na uzito wa kumkumbusha.

Kwenye kizuizi cha Westlands askari alikuwa Mkamba mmoja, Kilonzo, ambaye walikuwa wameonana mara nyingi.

"Kabila?" Kilonzo aliuliza, kwa sababu ofisa wake Mzungu alikuwa ndani ya gari akitazama.

"Mluhya, wa Butere."

"Pita." Waasi waliotafutwa walikuwa wa makabila mengine.

Angepita. Miaka yote baadaye hakujisamehe kwamba hakupita. Lakini alikuwa na furaha siku hiyo, na furaha ilitaka mtu wa kuongea naye.

"Mbona hunipekui, afande? Ama Waluhya hatuna mifuko?"

"Mnayo. Imejaa kuku," Kilonzo alimtania, kwa kuwa Waluhya husifika kwa kupenda kuku.

"Haya basi, njoo umtafute huyo kuku," Were alisema, akafungua kifungo cha shati mwenyewe.

Vidole vyake ndivyo vilivyokigusa kishikio kwanza. Kilonzo aliuona uso wake, akaacha kucheka. Mlango wa gari ulikuwa umeshafunguka.

"Nilikwambia upite," Kilonzo alinong'ona. "Ndugu yangu, si nilikwambia upite?"

Nanjala alikwenda dukani Jumatatu. Tarsem alimsimamisha kando ya pazia ili asionekane barabarani.

"Barua uliiandika?" Nanjala aliuliza.

"Niliandika."

"Nipe niipeleke kortini."

"Mama Lornah, hiyo barua inasema Mwafrika iko nashika bunduki ndani ya duka yangu. Watafunga duka. Watafunga mimi."

"Wamekwisha kumfunga yeye."

Tarsem alitazama mikono yake. "Barua haiko tena," alisema.

Mahakamani Were alisema alichokuwa nacho cha kusema: nimekitengeneza mimi. Tarsem akaulizwa nani alikitengeneza. Akajibu, mimi. Na mshtakiwa ni nani dukani kwako? Mfagiaji. Hakimu alikiweka kishikio kwenye kiganja, akakipandisha na kukishusha, akakielekeza dirishani kuona mwanga ukipita katika matundu. Kisha akampa Were miaka mitatu kwa wizi na kwa kupatikana na kifaa cha bunduki.

Alivunja mawe miaka hiyo yote, na vumbi likamharibia jicho la kulia. Alipotoka mwaka 1958 hakuruhusiwa kurudi Nairobi. Alikaa Butere akitia mipini majembe, na watu walipomwuliza kazi ya mjini alisema alikuwa fundi wa bunduki, wakacheka.

Alikuwa na nakala ya hukumu, kwa Kiingereza, lugha asiyoijua. Binti yake Lornah alipofika darasa la nane, alimpa asome.

Lornah alisoma polepole, akimgeuzia kwa Kiswahili. Kifaa hiki, hakimu aliandika, ni kazi ya fundi wa hali ya juu kabisa. Wepesi wake pamoja na uimara wake unahitaji mkono uliofunzwa miaka mingi.

"Rudia hapo," Were alisema.

Lornah alirudia.

"Tena."

Alirudia tena, kisha akaendelea na mstari uliofuata kabla hajajua unasema nini. Kwa sababu hiyo, mahakama haiwezi kuamini kwamba kilitengenezwa na mshtakiwa.

Were aliichukua karatasi, akaikunja palipokuwa na mkunjo wake, akaitia mfuko wa shati. Akautazama ule mfuko. Ulikuwa umelala chini.