Sina magego mawili, mke wangu hayupo wa kunitafunia mahindi: nifanye implant?

Wakuu, heshima kwenu.

Hadi naandika hapa zimenitoka laki nne na nusu (nimehesabu mara mbili), na kutafuna bado sijatafuna. Chumvi siongezi, nayaleta kama yalivyonikuta.

Nanunua mahindi Mkata, Handeni. Huku ukavu tunaupima kwa meno. Unauma punje: ikilia kwaa, unalipa. Ikinata, unashusha bei au unaondoka.

Magego yangu mawili ya chini yaling'olewa zamani. Sikujali, maana mke wangu alinitafunia. Anakaa pembeni ya gunia, anauma, anatema. "Bado hii, Baba Zaina." Bei inashuka.

Alifariki mwaka jana.

Msimu huu nikatia punje mdomoni mwenyewe, nikaizungusha weee. Muuzaji akauliza, "Mzee, unapima au unaibusu?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikanunua. Mzigo ukaota ukungu stoo.

Nikaenda Korogwe kwa daktari wa meno. Akanieleza: kuna meno ya kuvaa na kuvua, bei yake inavumilika. Kuna daraja, ila linashikilia meno ya jirani, na majirani zangu wamechoka. Halafu implant: skrubu inapandikizwa kwenye mfupa wa taya, unasubiri miezi kadhaa mfupa uishike, ndipo jino linafungwa juu. Hiyo mpaka Dar, kama milioni mbili kwa jino.

Nikaomba bei ya jumla, maana nachukua mawili.

"Mzee wangu, hapa si gulioni."

Nikachukua ya kuvaa. Punje ya kwanza tu yakachomoka, yakatumbukia guniani. Tulichekecha gunia zima, muuzaji anasimamia asije akaibiwa.

Nikarudi. Daktari akasema hata implant si ya kupasulia mahindi makavu, ninunue kipimo cha unyevu. Nimenunua. Hakikosei. Hakiongei pia.

Kwa hiyo sababu ya biashara imekwisha, lakini implant bado naitaka.

Nyumbani ni uji na ugali laini. Makande alikuwa anapika yeye, mahindi yamekaza kidogo, ndivyo nilivyopenda, natafuna upande wenye magego mpaka taya linauma. Sijayagusa tangu aondoke.

Jana binti yangu Zaina kanipigia. "Baba, milioni nne, ukale makande na nani?"

Nikasema mtandao unakatika.

Wakuu mliofanya implant, hasa mnaokula peke yenu: ilistahili? Nipeni cha kumjibu. Atapiga tena Jumapili.