Pam Alikataa Kamba

Benard Amolo aliosha picha za watu wa Kisii mpaka vidole vyake vikanuka siki. Alitoka kule ziwani akiwa kijana, akaajiriwa na Arvind, Muhindi mwenye duka la vyombo mjini na studio ya picha nyuma ya duka. Mimi nikitoka soko la Daraja Mbili na ndizi zilizobaki, nilikuwa naketi kwenye baraza ya studio, nawauzia waliokuja kupigwa picha. Mtu akila ndizi kabla ya kupigwa, mashavu hujaa. Hiyo ni kweli, msinicheke.

Picha za Benard zilikuwa hai. Bitutu wa Kenyenya alitundika ukutani picha ya paka wake, panya wakahama nyumba. Mzee mmoja aliingia studio na jino moja, picha ikatoka na meno mawili, na jioni hiyo mzee akaitisha mahindi ya kuchoma.

Lakini mikono ya kazi ile ilikuwa ya Pam, mke wake. Benard akitoka chumba cha giza na picha mbichi, Pam alizisuuza kwenye beseni, kisha akazitundika kwenye kamba nyuma ya duka, akizibana kwa vibanio vya nguo. Hapo zilining'inia zikidondosha maji: maharusi, watoto wa ubatizo, watu wa kipande, yaani kitambulisho. Zote zilipita mkononi mwake, na yeye mwenyewe hakuwa na picha hata moja.

"Wewe Pam," nilimwambia, "mume mpiga picha, na sura huna?"

"Magokoro, sura yangu haitundikwi kwenye kamba kama suruali ya Benard." Magokoro ni bibi, kwa lugha yetu. Pam alikuwa Mjaluo, lakini neno hilo alilisema vizuri kuliko wajukuu zangu.

"Hata ukifa?"

"Nikifa ndiyo kabisa! Nikauke mara mbili?"

Tulicheka mpaka ndizi zangu zikaiva.

Mwaka wa tisini na tisa Harsh, mtoto wa Arvind, akarudi kutoka ng'ambo na kamera isiyotiwa filamu. Ilikula betri kama nguruwe. Watu wote wa mtaa walikuja kuichungulia. Pam naye akaja, beseni kiunoni.

"Picha yake inaoshwa?"

"Haioshwi," Harsh akasema.

"Haitundikwi?"

"Utaitundika vipi, mama, na haina karatasi?"

Pam akaweka beseni chini, akafuta mikono kwenye leso. "Basi nipige."

Akapigwa akicheka. Hapo hapo akaonekana kwenye kioo kidogo mgongoni mwa kamera, mdogo kama njugu, meno yote nje. Benard aliangalia kwa muda mrefu.

"Mashine hii itatufuta kazi," akasema.

"Itufute," Pam akajibu. "Mikono yangu ipumzike."

Mwezi huo haukuisha. Malaria ilimpanda Pam kichwani, na hospitali haikumrudisha.

Benard hakulia. Arvind alimwambia aende nyumbani apumzike, akasema sawa, kisha akaingia studio akapiga mtu picha ya kipande. Ukimpa pole, sawa. Ukimwambia shati lako umelifunga kombo, sawa, na shati linabaki kombo.

Marion, dada yake Pam, akaja kutoka ziwani kupanga mazishi. "Shemeji, Jumamosi tunazika. Nani atabeba picha mbele ya jeneza, na picha yenyewe iko wapi? Dada yangu hawezi kuingia shimoni bila uso."

"Sawa."

"Sawa nini? Wewe ni mpiga picha au ni mlinzi wa mlango?"

Arvind akaileta ile kamera, akaiwasha. Pam huyo, anacheka. Lakini kompyuta ya kuitolea picha Harsh alikuwa ameenda nayo Nairobi, na waya wake pia, na hangerudi kabla ya mazishi. Tukasimama tukimtazama Pam mle ndani kama mtu aliyefungiwa mlango.

"Benard," nikasema, "umepiga mpaka paka. Utashindwa kupiga picha ya picha?"

Benard akavua koti. Aliweka kamera ya Harsh juu ya stuli, akaikinga mwanga kwa koti lake, akainama na kamera yake ya zamani. Tukasikia mlio wake. Akaingia chumba cha giza.

Alipotoka alikuwa ameshika picha inayodondosha maji. Uso ulikuwa na vijimiraba, kama mtu unayemwona kupitia gunia, lakini kicheko kilikuwa kizima. Akaisuuza mwenyewe kwenye beseni la Pam, akaenda nayo mpaka kwenye kamba. Vibanio vilikuwa pale pale alipoviacha Pam. Benard akasimama.

"Itundike, shemeji," Marion akasema.

"Alikataa kamba."

"Sasa itakauka vipi?"

Benard akaishika kwa pembe moja, akanyoosha mkono juani. Basi. Akabaki hivyo. Arvind alileta chai, ikafanya utando. Kuku alipita, akampanda kiatu, akashuka. Jua likahama, naye akahama nalo bila kushusha mkono.

"Mkono utakufa ganzi," nikamwambia.

"Sawa, magokoro."

Jumamosi Marion aliitangulia maiti, picha kifuani. Kwenye pembe moja palikuwa na alama ya kidole gumba.

Baadaye Arvind akanunua kompyuta yake, na beseni likawekwa maharagwe. Benard alijifunza ile mashine mpya upesi, akawapiga watu, akawaonyesha sura zao papo hapo, wakashangilia. Yeye hakushangilia wala hakukasirika.

Siku moja nikamwomba ile kamba nifungie mikungu yangu ya ndizi. Nilidhani atakataa.

"Sawa," akasema. Akaifungua mwenyewe, fundo kwa fundo, akanikabidhi ikiwa na vibanio vyake.

Kamba nilichukua. Vibanio nikamrudishia.