Tulienda Zanzibar na mtaalamu wa Dubai: safari ya bei nafuu iliyofichua mambo

Wakuu, niaje.

Nimekuwa hapa miaka nikisoma visa vya wengine na kucheka kimyakimya. Leo ni zamu yangu. Nitaandika ilivyokuwa, maana Nekesa ni member humu ndani na nikiongeza hata chumvi kidogo atanianika kwa comments.

Kwanza mjue tulikuwa nani.

Mimi ni fundi cherehani, duka langu liko Kawangware ukielekea Riruta. Kioko ni plumber, jirani yangu, Mkamba mwenzangu wa Kitui. Nekesa ana kibanda cha chapati na maharagwe pale kijiji cha Raila, Kibera. Na Brayo.

Brayo anakaa mtaa wa Ayany, hukohuko Kibera. Anapaka nyumba rangi. Lakini ukimuuliza kazi yake, kwanza atakwambia alikuwa Dubai.

Sisi wanne tuliimba kwaya moja tukiwa vijana. Kwaya ilikufa, urafiki ukabaki.

Sasa kuhusu Dubai ya Brayo. Huyu msee alipotea kama miaka miwili hivi. Akarudi na saa ya rangi ya dhahabu na marashi ya kufukuza mbu. Tangu hapo hakuna kitu Kenya kilimfurahisha tena. Mvua ikinyesha Riruta barabara ikageuka mto: "Kule Dubai maji haikai barabarani." Stima ikipotea: "Kule Dubai hawajui kiberiti." Ukimpa chapati ya Nekesa, ile inaleta watu kutoka Olympic mpaka Makina, anaigeuza geuza: "Kule Dubai wanaiweka asali."

Kanisani walimwalika aongee na vijana. Mada: Maisha Ughaibuni. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama dirishani. Mimi mwenyewe nilipiga makofi.

Basi Nekesa akafikisha miaka arobaini, akasema hataki keki. Anataka apate passport, igongwe stempu kabla goti lianze kuuma. Aone vitu, akanyage mchanga, arudi kwa maharagwe yake.

Najua mtu atauliza, kwani Diani imehama? Diani iko palepale Pwani yetu. Lakini Diani hawagongi stempu.

Tukafungua group. Brayo akajifanya admin kabla mtu amchague. Na hapo wakuu ndio nilijua planning ya safari ni kazi ya mateso. Kioko alitaka Afrika Kusini kwa barabara. Nekesa akatuma picha za kisiwa fulani ambacho kulala kwake siku moja ni kuuza cherehani yangu na mimi nikiwa juu yake. Brayo yeye alikataa kila kitu. Hapa ni pachafu, pale ni "too commercial", kule hawajui customer service.

Mwisho tukaelewana: Zanzibar, tena kwa basi. Tupite Arusha, tuogelee kwenye chemchemi upande wa Moshi, tushuke Dar, tupande meli. Kutembea kidogo, beach kidogo, na hakuna ndege mtu anapanda.

Brayo akaandika kwa group, "Ni sawa, for beginners."

Tulipiga foleni ya passport sisi watatu mpaka miguu ikafa ganzi. Yeye hakuja. Alisema yake iko, tusihangaike naye. Alikuwa anatutumia tu voice note za ushauri: tusicheke kwa picha, tusivae nguo nyeupe. Kioko alivaa shati jeusi la kuazima, akakaa kwa hiyo picha kama mtu anayetafutwa na polisi.

Siku ya safari ikafika. Basi ikaondoka asubuhi, Brayo amevaa miwani na kale kamto ka shingo. Njia nzima mpaka Namanga ni lecture. Immigration usiongee sana. Mwangalie officer machoni. Yeye amezoea.

Namanga, mpakani, tukashuka. Sisi watatu tukagongwa stempu bila maneno. Nekesa aliibusu passport yake mbele ya askari.

Nikaangalia nyuma. Brayo alikuwa amesimama kando, anapapasa mifuko. Akamwambia yule mama wa uhamiaji kwamba passport imepotea.

"Imepotea wapi?"

"Njiani, madam."

"Basi rudi Nairobi ulete abstract, ile karatasi ya polisi ya kitu kilichopotea. Ama hukuwa nayo? Kama hukuwahi kuwa nayo, na uko na kitambulisho, naweza kukutengenezea karatasi ya muda uende na wenzako. Chagua."

Basi ilikuwa inapiga honi. Abiria wengine wamesimama nyuma yetu na mizigo.

"Sikuwahi kuwa nayo," Brayo akasema, sauti imeshuka.

"Sikusikii."

"Sikuwahi kuwa na passport, madam."

"Hata iliyoisha muda?"

"Hata hiyo."

"Kwa hivyo hii ndio mara yako ya kwanza kutoka Kenya?"

Alituangalia, akaangalia basi, akaangalia viatu vyake.

"Ndio," akasema. "Ni mara ya kwanza."

Huyo mama akampa karatasi, akamwambia karibu tena. Hakujua amezika nchi nzima ya Waarabu pale kwa kaunta.

Tukarudi kwa basi, tukapita Longido. Halafu Kioko akageuka polepole.

"Brayo, ule mlima pale mbele. Kule Dubai wanauitaje?"

Nikacheka mpaka mama wa Kitanzania wa kiti cha pili akaniuliza kama niko salama. Kioko hakuacha. Tulipokula Arusha alimwomba mhudumu asali ya chapati. Huyo dada naye alikuwa bado anangoja tumsalimie kwanza, kwa sababu Kioko alikuwa ameingia akisema "leta chapo nne." Kidokezo cha bure: Tanzania ukisema "leta" utakaa njaa. Salimia, omba, shukuru, ndio chakula kitoke. Sisi watu wa Nairobi tunaongea Kiswahili kama tunagombana na pampu ya maji.

Lakini Nekesa hakucheka hata mara moja. Nikadhani ni uchovu.

Tulifika zile chemchemi, maji masafi mpaka unaona kucha zako. Mimi na Kioko tumo ndani tunarushana. Nekesa akabaki kwa ukingo na nguo zake, akamwita Brayo.

"Nanjala anaacha kazi Ijumaa," akamwambia.

Nanjala ni mdogo wa mwisho wa Nekesa. Anashona suti kwa duka moja Kawangware, mimi ndiye nilimpeleka huko. Mwaka huu alipata agent wa kumpeleka Ghuba, kwa Waarabu, kazi ya nyumba. Nekesa alikuwa na wasiwasi, akafanya kile mtu mwenye akili hufanya: akatafuta mtu aliyeenda. Akamleta Nanjala kwa Brayo.

"Alikuuliza kama ni salama," Nekesa akasema. "Alikuuliza mbele yangu, kwa kibanda changu. Ukamwambia akaze roho, wiki mbili za kwanza ndio ngumu. Wiki mbili gani, Brayo? Za wapi?"

Brayo akainama kufungua kamba za viatu.

"Nakuuliza! Ulitaka kumpeleka mtoto wetu mahali hujawahi kuona?"

Maji yalikuwa ya joto lakini mimi nilitoka. Kioko pia akatoka. Hakuna aliyetaja Dubai tena kwa mzaha.

Dar tulipita tu. Kwa meli wote tulitapika, kwa hivyo hakukuwa na nafasi ya kununiana vizuri. Mji Mkongwe tuliona milango, tukaona soko, tukapotea kwa vichochoro mpaka Kioko akasema sasa anaelewa kwa nini wageni hupotea Raila. Picha tulipiga. Ukiziangalia utadhani tulikuwa na raha. Nekesa na Brayo wako pande mbili tofauti za kila picha.

Paje, kule ufukweni, ndio mambo yakatoka.

Ilikuwa mchana, maji yameenda mbali sana, mchanga mweupe mpaka unaumiza macho. Tumekaa chini ya kivuli cha makuti. Brayo akaanza bila kuulizwa.

Alikuwa na agent, ofisi nzuri, viti vya kuzunguka, bendera mezani. Alimpa huyo agent kila kitu, pamoja na pesa za ng'ombe wa mama yake aliyeuzwa huko Mumias. Kijiji kilimfanyia maombi ya kumuaga. Alipokuja Nairobi kuchukua passport aliyoambiwa iko tayari, ofisi ilikuwa imegeuka duka la mapazia.

"Mnajua nilimuuliza nini yule dada wa mapazia?" akasema. "Nilimuuliza kama anajua watarudi saa ngapi."

Hakuweza kurudi Mumias, walishamuombea. Hakuweza kurudi kwetu, tulishamchangia suti. Akaenda Kitengela, hapo nje kidogo ya Nairobi, akabeba mawe kwa mjengo, huko ndiko alijifunza rangi. Kila mwezi alimtumia mama kitu kidogo na kumpigia: Dubai ni poa, joto ni jingi. Saa na marashi alinunua Eastleigh siku ya "kurudi".

"Nilikuwa nimepanga kusema hadithi moja tu," akasema. "Lakini mlikuwa mnauliza ingine kila siku."

Na huo ni ukweli, wakuu. Tulikuwa tunaziomba kama watoto wanavyoomba mandazi.

Nekesa hakulainika. Akachukua simu, akampigia Nanjala, akaweka loud, akamkabidhi Brayo.

"Mwambie."

Akamwambia yote. Ofisi, mapazia, Kitengela.

"Kwa hivyo ile ya wiki mbili ulitoa wapi?" Nanjala akauliza.

"Kwa kichwa."

Akakata.

Lakini Ijumaa ilipofika hakuacha kazi. Baadaye alituambia alimwomba agent jambo dogo tu: aongee kwa simu na msichana mmoja ambaye tayari yuko huko. Mmoja tu. Agent alikuwa mpole sana siku zote, akageuka mkali ghafla, akamtukana, akamblock. Mpaka leo Nanjala hasalimii Brayo, na simlaumu.

Turudi Paje. Nekesa akasema imebaki simu moja, ya mama. Brayo akaomba afanye hiyo akifika nyumbani. Nekesa akamwambia nyumbani atapata visingizio, apige video sasa hivi bahari ikiwa nyuma yake.

Akapiga. Mama akatokea, leso kichwani, kamera inaangalia paji la uso.

"Mama," Brayo akasema, "mimi sikuwahi kwenda Dubai. Nilidanganya. Nilikuwa Kitengela."

Mama akasogeza simu.

"Brian, hiyo najua."

"Unajua?"

"Nilizaa wewe. Ulikuwa unanipigia ukiniambia uko Dubai, na nyuma yako makanga wa matatu anaita, 'Kitengela! Kitengela!' Nikajiuliza, kumbe Waarabu pia wako na Kitengela?"

Kioko alianguka chini kwa mchanga. Hata Nekesa alishindwa kujizuia, akageuka akaficha uso.

"Na hukusema kitu?" Brayo akauliza, machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka.

"Ningesema ungeacha kupiga. Mimi nilitaka tu kusikia uko hai." Halafu akakunja uso, akakaribia kioo. "Sasa uko wapi? Hayo maji ni ya wapi?"

"Niko Zanzibar, mama. Hii ni bahari."

Mama akavaa miwani.

"Weka Nekesa nimuulize."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, wakuu. Siku moja mtu anasema ukweli kuhusu mahali alipo, na inabidi atafutiwe shahidi.

Tuliporudi Brayo aliomba kanisa limpe nafasi tena aongee na vijana, wakati huu aseme ya mapazia. Walimpa. Walikuja wachache, viti vya nyuma vyote vitupu. Kijana mmoja alinyoosha mkono, akauliza kama Brayo bado ana namba ya agent, labda siku hizi amebadilika. Hapo ndipo nilielewa kwa nini hizi biashara hazifungwi.

Nilichojifunza? Zanzibar kwa basi inawezekana, hata kwa fundi cherehani. Nendeni wachache, mbebe dawa ya kutapika, na msichague admin kwa sababu ya miwani. Lakini kubwa ni hili: kabla ya kutuma mdogo wako mahali kwa sababu fulani "alienda akafanikiwa", mwambie huyo fulani alete passport muifungue pamoja ukurasa kwa ukurasa. Akianza kupapasa mifuko, umepata jibu lako.

Na tupunguze kupenda hadithi tamu. Sisi ndio tulimjengea Brayo Dubai. Yeye aliweka tu madirisha.

Haya, uwanja ni wenu. Waliowahi kulizwa na agent, semeni ilivyokuwa, kuna mtu anasoma hapa na bag yake imefungwa tayari. Na wewe unayetuma picha ukisema uko nje ya nchi na uko Rongai hapa karibu, comment tu bila woga. Mama yako anajua.