Nilipeleka vifaa vya kuwindia vya marehemu bosi kwenye maonesho Dubai, nikatoka na jina la mwizi

Wakuu, salaam kwenu nyote, wakubwa shikamooni.

Haya ninayoandika yamenipata mwenyewe, sikusimuliwa. Na pale nilipokosea mimi nitasema nilikosea, sitajipaka rangi.

Wiki iliyopita kuna mdau aliuliza humu: ana vifaa vya kuwindia, used, je, akivipeleka kwenye maonesho ya silaha na uwindaji atauza? Wengine mkamtania, wengine mkamwambia aende tu, kule matajiri hawakosekani.

Mimi nilienda. Dubai, miaka ile metro bado ni nguzo za zege tu katikati ya barabara.

Nianzie mbali kidogo, mtanivumilia.

Kwetu Korogwe. Kazi yangu ni fundi viatu, nimerithi kwa baba. Dubai nilipata kazi ya bustani na kuosha magari kwenye nyumba moja Al Twar. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa makamo ya juu, Mzee Khalfan. Makafeel wengine, yaani wenyeji wanaokudhamini visa, mmewasikia sifa zao. Huyu hakuwa hivyo. Alikuwa mkali wa maneno lakini moyo mweupe.

Siku moja alinikuta nashona ndala yangu kivulini, nyuma ya gereji. Akasimama. Nikajua leo natukanwa.

Akaniuliza, "Wewe unajua ngozi?"

Nikamwambia najua.

Akaingia ndani, akatoka na glovu kubwa ya ngozi, ile anayovaa mtu anayewinda kwa kipanga ili ndege atue mkononi bila kumchana. Imepasuka kwenye kidole gumba. Nikaishona pale pale. Akaigeuza, akaivaa, akakunja ngumi. Tangu siku hiyo hakuniita jina tena. Aliniita "fundi", kwa Kiswahili kabisa, maana alishawahi kuja kuwinda Tanzania akaokota maneno mawili matatu.

Basi, bustani nikaachiwa nusu, nusu nyingine ya siku nikawa wa ngozi. Mifuko ya bunduki, mikanda ya risasi, viti vya kambini. Zaidi ya yote kofia za kipanga. Kwa msiojua, ndege yule huvalishwa kikofia kidogo cha ngozi kinachofunika macho ili atulie. Ukikosea mshono mmoja unamuumiza. Nilijifunza kwa kubomoa za zamani na kuzishona upya, Mzee amekaa pembeni na kahawa yake, anasema "la, la, la" kila nikikosea.

Miaka minne. Sikuwa na raha kama ile tangu nizaliwe, na sioni kama itarudi.

Mzee akaugua, akafariki ndani ya mwezi mmoja.

Bunduki zenyewe zilichukuliwa na polisi kwa utaratibu wao, maana leseni ilikuwa ya marehemu. Vifaa vingine vikabaki stoo.

Madam akakaa eda. Wasiojua, mjane wa Kiislamu anakaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ovyo, hakai na wanaume wasio ndugu zake. Kwa hiyo akitaka kuniambia kitu alimtuma Siti, dada wa kazi kutoka Indonesia. Mtoto wao mkubwa, Saeed, ndiye aliyeshika nyumba, lakini alikuwa akisafiri sana kwa biashara.

Siku moja Siti akanijia stoo. Akasema, "Madam anasema kazi imeisha, fundi. Visa yako itakuwa cancel mwezi ujao. Anasema vitu vya kuwinda vyote chukua wewe, uza, usirudi kwenu mikono mitupu. Anasema Mzee angependa."

Nikamuuliza, "Saeed anajua?"

Akasema, "Madam ndiye amesema."

Wakuu, hapo ndipo kosa langu lilipo. Mimi nimesoma madrasa. Najua mali ya marehemu ni ya warithi wote mpaka igawanywe, si ya mjane peke yake. Nilijua. Lakini mtu ukishaambiwa visa inakufa, masikio yanasikia yanachotaka. Nikasema alhamdulillah, nikaanza kufuta vumbi.

Na niseme ukweli mwingine. Kuuza lilikuwa jambo la pili. La kwanza, nilitaka watu waone mkono wangu. Maonesho yale wanakuja wenye vipanga kutoka kila pembe ya Emirates. Nikajiambia, mmoja tu akiupenda mshono wangu, nimepata kafeel mpya.

Nilikuwa na rafiki, Wafula, Mkenya wa Bungoma, askari wa getini kwenye ukumbi huo huo wa maonesho. Yeye ndiye aliyeniambia huwezi kwenda na begi lako ukatandika chini kama mnadani. Lazima kampuni, leseni ya biashara, stendi ya kulipia. Akaniunganisha na Mmalayali mmoja, Mhindi wa Kerala, muuza mahema, Kutti, akakubali kunipa kona ya meza yake ili nikiuza naye apate chake.

Asubuhi ya kwanza nimefika na mabegi mawili, Wafula akafungua zipu na kutikisa kichwa.

"Bro, visu haviingii. Na hii mikanda ya risasi pia."

"Mikanda mitupu hii, Wafula."

"Hata kama ni tupu. Leo wakubwa wako hapa, usinichomee kazi. Wacha nikuwekee kwa locker."

Mdau uliyeuliza, hilo la kwanza hilo. Nusu ya vifaa vyako inaweza kuishia mlangoni.

Ndani sasa. Makampuni ya Ulaya yana stendi kubwa kama nyumba, taa, mazulia, kahawa ya bure, darubini mpya za kulengea zimepangwa kwenye vioo kama dhahabu. Nani aje kona ya mahema kuangalia kiti cha kambini kilichokaliwa na mtu mwingine?

Walikuja. Wanashika, wanauliza, "Mpya?" Nasema hapana. Wanarudisha, wengine wanapangusa mikono kwenye kanzu zao. Darubini ya Mzee, kitu cha maana kabisa, kijana mmoja alinitajia bei ya sahani ya biriani, tena anacheka na wenzake. Mpaka adhuhuri niliuza taa moja ya kambini kwa Mzungu aliyetaka pambo la sebuleni.

Kutti akawa ananiangalia kwa jicho la huruma. "Rafiki, used ni mahali ambapo watu wanakujua. Hapa nani anakujua?"

Baada ya adhuhuri akaja mtu mmoja, Mwarabu wa makamo, ndevu zina mvi, amevaa kawaida sana. Hakuangalia darubini wala mahema. Alichukua kofia moja ya kipanga, akaigeuza ndani nje, akapitisha ukucha kwenye mshono polepole. Kisha ya pili. Ya tatu.

"Nani ameshona?"

"Mimi, sir."

Akaniangalia kama anayepima kitambaa. Akanivuta mkono, akatazama sugu za vidole. Akacheka kidogo.

"Wallah ni wewe. Nina vipanga kumi na moja Ras Al Khaimah. Fundi wangu amerudi kwao Pakistani, wanaonishonea sasa wananiharibia ndege. Visa yako ikoje?"

Nikamwambia kila kitu, kafeel amefariki, nimebakiwa na wiki tatu.

Akasema, "Kesho baada ya sala ya alasiri nitakuwa hapa. Nishonee moja mpya, mbele yangu. Ukiweza, tutaongea habari ya visa, inshallah."

Wakuu, yule bwana alipoondoka nilikaa kwenye kiti cha Mzee nikatoa simu. Nilimpigia mke wangu Korogwe pale pale. Nikamwambia, mama Zaina, huenda nisirudi mwezi huu, nimepata kazi. Akapiga kigelegele kwenye simu, Kutti akasikia akacheka.

Saa moja baadaye, au chini ya hapo, alifika Abu Hamad.

Abu Hamad alikuwa rafiki wa Mzee wa kuwinda, nilimwona mara nyingi pale nyumbani. Yeye sidhani kama aliwahi kuniangalia usoni. Alikuwa anapita na watu wawili, akasimama ghafla. Akaishika ile glovu, ile niliyoishona gumba. Akaitia mkono.

Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hii ya Khalfan."

Nikafurahi! Ndiyo, nilifurahi, nikidhani nimepata shahidi. Nikasema, "Naam, sir. Mimi ni fundi wake."

"Wewe mtunza bustani."

"Naam, sir. Madam amenipa niuze."

Akainua sauti watu wote wakageuka. "Madam yuko eda! Nani amekupa? Mtu hajamaliza hata miezi miwili kaburini, unamuuza mezani?" Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Huyu hakuwa mtu mbaya, naomba mlielewe hilo. Alikuwa anamlilia mwenzake.

Akatoa simu akampigia Saeed. Nilisikia upande wake tu. "Hukumpa? ... Hujui habari hiyo? ... Khalas."

Khalas. Neno moja tu, yaani basi, imekwisha.

Nikamwambia ampigie Madam. Akasema hawezi kumpigia mjane wa watu kumuuliza habari za watumishi. Saeed alikuwa mjini, akaenda nyumbani mwenyewe, akamuuliza Siti. Siti, kwa alivyoniambia baadaye huku analia, alimwona bosi amefura, akaogopa kurudishwa kwao, akasema hajui kitu. Madam alikuwa amelala kwa dawa za presha.

Polisi wakaja. Hawakunipiga, hawakunitukana. Waliandika vifaa vyote, kimoja kimoja, hadi kofia nilizozishona mwenyewe. Nikatolewa ukumbini katikati ya askari wawili, tukapita getini kwa Wafula. Wafula aliangalia chini. Nilimwelewa, naye ana watoto.

Nilikaa mahabusu siku tatu.

Siku ya tatu Madam alipata habari kamili. Alimtuma Saeed kituoni na maelezo yake kwamba ni kweli alinipa. Nikaachiwa. Nje, Saeed akanipa chupa ya maji, akasema bila kuniangalia, "Fundi, mama alikosea na wewe ulikosea. Vile ni vya warithi, na dada zangu hawakuulizwa. Mimi siwezi kuona vitu vya baba yangu vinashikwashikwa mezani. Tiketi yako nitakata."

Alikuwa na haki. Nilimwomba tu zile kofia. Akasema ataangalia. Hakuangalia.

Nilichukua teksi kutoka pale kituoni moja kwa moja mpaka ukumbini. Maonesho yalikuwa yameisha, watu wanakunja mazulia. Kutti anafunga mahema yake kwa kamba.

Nikamuuliza, "Yule wa Ras Al Khaimah alikuja?"

"Alikuja. Siku ile ile aliyosema. Baada ya alasiri. Alikaa kwenye kiti hapa karibu nusu saa."

"Ukamwambiaje?"

Kutti akaacha kamba. "Aliniuliza fundi yuko wapi. Nikamwambia amekamatwa na polisi kwa vitu vya marehemu. Rafiki, mimi nina leseni ya biashara, nina stendi, siwezi kusema uongo mbele ya watu."

"Alisemaje?"

"Alisema *la hawla*, kama mtu aliyesikia msiba. Akaondoka."

"Aliacha namba?"

"Kwa nini angeacha namba?"

Wiki zile zilizobaki nilizimaliza. Mara mbili nilipanda basi kwenda Ras Al Khaimah, nikauliza sokoni, nikauliza msikitini, mtu mwenye vipanga kumi na moja na ndevu zenye mvi. Kule kila mzee ana ndevu za mvi, na wenye vipanga ni wengi. Mmoja aliniuliza, "Jina lake nani?" Nikageuka kurudi stendi ya basi.

Nikarudi Korogwe. Mama Zaina hajaniuliza habari ya kile kigelegele mpaka leo.

Mwaka uliofuata Wafula alinipigia. Alikuwa amehamia kwenye maghala Jebel Ali. Akaniambia amepita soko moja la vitu vya mkononi, akakuta Mpathani mmoja wa Pakistani ametandika chini viti vya kambini na glovu kubwa ya ngozi, na kikapu cha vikofia vidogo.

"Ni zile zako, bro, nimezijua. Alikuwa anaziuza kama za watoto kuchezea."

Sikumwambia anunue. Nilimwambia asante kwa kunijulisha.

Kwa hiyo mdau, jibu langu ni hili. Maonesho yale ni ya mali mpya na watu wenye karatasi. Kifaa kilichotumika kinauzwa kwa mtu aliyemjua mwenyewe, au anayekujua wewe. Na kama ni cha marehemu, usikiguse mpaka warithi wote waandike na kutia sahihi, hata kama mjane kakuapia. Neno lililopitia kwa mtu wa tatu si karatasi. Na mtu akikupa miadi ya riziki, kabla hajageuka, muulize jina.

Sina zaidi. Wenye kunicheka wacheke, wenye ushauri karibuni. Ila kuna jambo moja ningependa mnisaidie, maana mimi nimefikiri mpaka nimechoka: unaanzia wapi kusafisha jina lako kwa mtu ambaye hujui hata yeye anaitwa nani?