Nilivyompasua gole kuku wangu huku mchinjaji akisubiri na kisu

Wakuu wa baraza hili la wasomaji, salaam kutoka Korogwe.

Kila wiki nasoma hapa gazetini mnavyosimuliana mambo ya ndoa, mashamba na wachawi, nami nanyamaza. Leo naleta langu. Ni la kuku. Sitalitia chumvi, chumvi pekee mtakayoiona humu ni ile niliyooshea kidonda.

Kwanza mnijue. Mimi ni karani katika boma, mtu wa makamo, nimesoma mpaka chuo kikuu kule Uganda, na faida kubwa niliyoipata ni kuitwa "Bwana Karani" na watu walionizidi umri.

Wazungu wana klabu yao, siingii. Watu wa kambi za mkonge huniamkia kwa mbali, kisha hupita upesi kama kwamba nina hati ya kodi mfukoni. Hata wazee wananipa shikamoo. Najaribu kuwawahi. Wananishinda.

Nyumbani nina viti vinne vya mvule. Nimechakaza kimoja tu.

Kuku nilimpata Misima, huko Handeni, nilikokwenda kuwa mkalimani wa Bwana Shamba. Tulipokuwa tunapanda lori kurudi, bibi mmoja aliyetupokea akaniletea tetea mweupe, amefungwa miguu.

"Huyu wa njiani, mwanangu. Ukifika umle na watu wako."

Na watu wako! Nilifika Korogwe, nikamfungua miguu, nikatazama huku na huku. Wakuu, kuku mzima haliwi na mtu mmoja. Kumchinja peke yako ni sawa na kujipigia ngoma ya harusi. Nikasema nitamngojea mgeni.

Mgeni hakuja. Kuku akakaa. Nikampa jina la Mama Shauri, maana kila asubuhi alikuwa na malalamiko mlangoni kwangu, tena bila kupitia kwa jumbe.

Jioni nikitoka kazini hukaa barazani nikisokota kamba. Nyuzi za mkonge huku hazina shida, zimezagaa kama majani. Sina mbuzi wala ng'ombe, sina chochote cha kufunga, lakini kamba ninazo. Mama Shauri alikaa miguuni pangu, nami nikamsimulia habari za ofisi. Hakuwahi kupeleka maneno nje.

Vipande vya nyuzi vikidondoka, alividonoa. Nilidhani anacheza.

Asubuhi moja hakuja kulalamika. Nilimkuta nyuma ya jiko, amejikunyata, anapindapinda shingo kama mtu aliyevaa kola ya kubana. Nikampapasa gole, ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Kuku mzima akiamka gole huwa tupu, kwa kuwa chakula cha jana kimeshashuka usiku. La Mama Shauri lilikuwa limejaa, gumu kama embe bichi.

Nikamnyima nafaka. Nikampa maji ya vuguvugu kwa kijiko, na matone machache ya mafuta ya nazi, kisha nikamkanda gole taratibu kwa vidole. Siku ya kwanza nilikanda, na ya pili pia. Likazidi kuwa gumu, na mdomo ukaanza kunuka uchachu. Kule bomani nilikuwa nikipiga taipu huku moyo uko nyuma ya jiko.

Siku ya tatu, Jumamosi, Mama Zaituni alichungulia uani. Ni jirani yangu, anauza maandazi.

"Bwana Karani, huyo mchinje leo. Kesho utakuwa na nyamafu."

"Bado namtibu, mama."

"Unamtibu au unamuaga? Ngoja nikuitie Mzee Sefu."

Kwa wasioijua Korogwe: mimi ni Mkristo, lakini hapa kuku akichinjwa na Mkristo, nusu ya mtaa hawali. Kwa hiyo sote, wa msalaba na wa msikiti, humwita Mzee Sefu. Ni Mzigua mtu mzima, zamani alikuwa mkata mkonge. Alifika na kisu chake kimefungwa kitambaa. Mama Zaituni alikuwa ameshabandika sufuria ya maji.

Nikaona mwisho umefika. Ndipo nilipomkumbuka bibi yangu. Nilipokuwa mtoto nilimwona akimpasua kuku gole, akatoa uchafu, akashona, na kuku akaishi. Nilikumbuka wembe, na nilikumbuka uzi. Kama alishona ngozi na gole pamoja au mbalimbali, hilo sikulikumbuka. Chuo kikuu hawakulifundisha.

"Mzee Sefu, niazime kisu chako."

"Hiki? Hiki ni cha kuchinjia, hakitibu mtu."

"Basi nitatumia wembe. Nishikie tu kuku."

Akanitazama. "Nitamshika kwa mkono huu. Kisu nitakuwa nacho mkono huu. Nikiona macho yanageuka, namchinja hapo hapo, tule. Umekubali?"

Nikakubali. Ningefanyaje? Mzoga ungekuwa hasara kwa wote, na yeye alikuwa anasema haki.

Tulikaa barazani. Nilimnyonyoa manyoya juu ya gole, nikaosha kwa maji ya chumvi yaliyochemka na kupoa. Mama Zaituni alitunga sindano, kwa kuwa mimi uzi ulikataa kuingia. Nikapasua ngozi kidogo. Kisha gole lenyewe.

Wakuu, kilichotoka ni kamba. Sisemi mfano. Nyuzi za mkonge zilizosokotana na punje za mahindi, donge zima, linanuka. Kazi ya jioni zangu zote ilikuwa imeingia tumboni mwa rafiki yangu.

"Loo!" alisema Mama Zaituni. "Umemlisha godoro!"

Nikaosha ndani. Nikaamua kushona gole kwanza, ngozi baadaye. Katikati ya kushona gole Mama Shauri akalegea shingo, akafumba macho.

"Anakwenda, bwana! Anakwenda!" Kisu kikapanda.

"Bado, mzee. Subiri."

"Nisubiri nini? Tazama!"

"Mzee wangu, nakuomba. Kidogo tu."

Sijawahi kumwomba mtu hivyo, hata Bwana DC. Mzee Sefu akashusha mkono. Nikaendelea kushona bila kumtazama kuku usoni. Nilipofunga fundo la mwisho la ngozi, jicho moja lilifumbuka, likanikodolea kwa chuki kamili.

Tukamlaza kwenye kikapu. Sasa ikabaki kungoja, na kungoja hakufanywi wima. Nikatoa viti. Mzee Sefu akakalia kimoja, Mama Zaituni kingine. Yale maji ya kunyonyolea tukayafanya chai. Wakasimulia. Mzee Sefu alinieleza jinsi wanyapara walivyokuwa wakikataa mafungu yake ya mkonge. Mama Zaituni akamwiga mumewe anavyokoroma. Nilicheka mpaka nikajishangaa sauti.

Magharibi ilipokaribia, Mama Shauri alisimama, akayumba, akanya kikapuni.

"Basi," alisema Mzee Sefu akifunga kisu chake. "Leo hakuna mchuzi." Wakaenda zao.

Siku mbili nilimpa maji tu, kisha uji mwepesi. Mama Zaituni aliuliza kila asubuhi kutoka upande wa pili wa ua. "Anaendeleaje mgonjwa?" Siku moja nikajibu, "Amepona kabisa." Akasema, "Alhamdulillahi." Hakuuliza tena. Kwa nini aulize?

Nilifurahi, wakuu. Pia nilivirudisha viti ndani, na nyumba ilikuwa kimya kuliko ilivyokuwa kabla ya ugonjwa.

Jumapili moja jioni nikatoka, nikabisha hodi kwa Mzee Sefu. Nikamwahi shikamoo kabla hajafungua kinywa. Akaduwaa, kisha akaitika marahaba.

"Kuku amekufa?"

"Hajambo."

"Umetumwa na boma?"

"Hapana, mzee."

"Una mgeni wa kumchinjia?"

"Sina."

"Sasa umefuata nini?"

Nikautazama mkeka aliokalia. Akasogea upande mmoja. Nikavua viatu, nikakaa.

Kwa wafugaji: fagieni nyuzi na kamba mahali kuku wanapokaa. Gole likijaa, anzeni na maji, mafuta na kukanda, wala msimning'inize kuku kichwa chini, atapaliwa. Wembe si wa kukimbilia. Mimi nilibahatika tu. Kwa wasio na kuku: msingoje ugonjwa ndipo mbishe hodi.

Mwenye kujua dawa bora kuliko wembe aandike hapa, nami nitasoma. Lakini kama njia yako inapita Korogwe, usiandike. Njoo, viti vipo.