Mkufu Uliotoa Moto wa Kijani

Fedha haitoi moto wa kijani. Nimeyeyusha fedha miaka kumi na tisa, sijawahi kuona.

Siku ile niliona. Na mwenye mali alikuwa ameketi mbele yangu, macho kodo.

Majina nimebadilisha na kijiji sikitaji. Mtakaonitambua, nawaomba mfunge midomo. Mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Mimi ni sonara. Kwetu huku, milima ya kabila la Wamiao, jimbo la Guizhou, nyundo ni ya wanaume. Lakini baba hakujaliwa mtoto wa kiume, akanifundisha mimi. Watu walicheka weee, mpaka wakachoka.

Mwaka juzi baba akapigwa na kiharusi. Ulimi ukafa, upande wa kulia ukafa. Yakabaki macho na mkono wa kushoto.

Sasa ilikuwa ile wiki joto linapoanza kulegea, asubuhi kuna ukungu na mpunga unageuka manjano. Sikukuu ya mchele mpya ilibaki siku kumi na mbili. Siku hiyo mabinti hucheza ngoma wamevaa fedha mwili mzima.

Shangazi Pan akaingia na kiboksi cha mbao. Ni jirani yetu, ana miaka hamsini na moja, na mdomo wake hauna likizo.

"Lanzhi, huu mkufu wa marehemu mama. Uyeyushe, umfulie binti yangu Yingmei mpya. Wakwe wanakuja kumwangalia siku ya ngoma. Akiwa shingo tupu, uso wangu nitauficha wapi?"

"Mbona sijawahi kukuona nao?"

"Nani angeniruhusu? Mama hakutaka hata niuguse. Eti utachakaa. Yule bibi alikuwa na choyo, mwenzangu!"

Tukacheka.

Desturi yetu ndiyo hiyo, fedha ya mama inayeyushwa iwe ya binti. Na mwenyewe lazima akae aone mwanzo mpaka mwisho, sonara asije akachezesha mkono.

Kabla ya moto unasugua kitu kwenye jiwe, ujue ni fedha kweli. Mimi sikusugua. Nyuma ya mkufu kulikuwa na muhuri wa baba, na kukipima kitu chenye muhuri wa baba niliona ni kumvunjia heshima.

Una umanjano? Nikasema moshi wa jikoni. Mwepesi? Nikasema wa zamani huo, umelika.

Ni uzembe wangu. Sina wa kumsingizia.

Nikaukata vipande, nikaviweka kwenye chungu, nikavuta mvukuto. Fedha ingekuwa imeshalegea. Hivi vipande vikakaa tu, vimenuna.

Kisha moto ukageuka kijani.

"Lanzhi, hiyo rangi ni nini?"

Nikaachia mvukuto. Kijiji cha masonara hiki, hata mtoto anajua. Moto wa kijani ni wa shaba. Ilikuwa shaba nyeupe, ile iliyochanganywa ikafanana na fedha.

"Si nakuuliza wewe! Mama alikuwa na mkufu wa fedha, kila mtu aliuona. Baba yako kaufanya nini?"

"Shangazi, subiri kwanza..."

"Nisubiri nini? Mwizi! Kumbe ndiyo maana mababu wamemfunga ulimi!"

Akatoka anapiga kelele. Kabla ya mchana kijiji kizima kilikuwa na habari.

Nikamwendea baba na kipande mkononi.

"Baba, hii ni kazi ya mkono wako?"

Akakitazama. Akatazama dirishani, upande wa nyumba ya Pan. Machozi yakamtoka. Mkono wa kushoto ukanikamata, ukaning'ang'ania.

Mimi nikaona hiyo ndiyo kukiri.

"Miaka yote nafua kwa jina lako. Kumbe jina la mwizi! Bora kiharusi kingemaliza kazi yake."

Nilisema hivyo. Kwa baba yangu. Ule mkono ukaniachia.

Nikashusha taji langu la fedha, lile lenye umbo la pembe, alilonifulia baba nilipoolewa. Nikaliyeyusha. Kwa siku kumi na moja nikafua mkufu wa Yingmei. Shangazi alikuja kila asubuhi, akakaa, akanitazama mikono, akaondoka bila salamu.

Siku ya sikukuu akauchukua.

"Mkufu nimepokea. Baba yako sijamsamehe."

Sikwenda ngomani. Nilikuwa namlisha baba wali mpya na supu ya samaki ya uchachu, lakini hafungui mdomo. Mara mlango ukasukumwa kwa fimbo. Bibi Wugai, mkunga wa zamani, miaka tisini na kitu.

Akanivuta uani.

"Umemwambia nini baba yako, mpumbavu wewe?"

"Bibi, aliiba..."

"Kaiba nini? Mama yake Pan hakuzaa hata siku moja. Tumbo lile lilikuwa nguo! Nani alivuka kilima akamleta mtoto kwenye kikapu, kafunikwa masuke ya mpunga? Si mimi? Mama mzazi alikuwa na njaa na watoto watano. Mkufu wa fedha ukaenda kule, mtoto akaja huku."

Nikakaa chini.

"Mumewe, aliyeamini mtoto ni wake, angeuliza mkufu uko wapi. Ndipo baba yako akafua wa shaba. Hakuchukua kitu. Akaapa mbele yangu kwamba hatasema, na hakusema, hata alipokuwa na ulimi."

"Namwambia Shangazi sasa hivi!"

"Mwambie. Wakwe wako pale uwanjani. Unajua kwetu wanavyochambua ukoo wa mama kabla ya kuoa. Wakisikia mama kaokotwa ng'ambo ya kilima, hajulikani damu ya nani, wataondoka supu haijapoa. Haya, nenda."

Kutoka uwanjani nilisikia mikufu inalia, mabinti wanacheza. Mmoja wao alikuwa Yingmei.

Sikwenda.

Yingmei kaolewa. Shangazi akipita mlangoni kwetu hutema mate. Wateja wakileta kitu chenye muhuri wa baba hunisimamia: "Sugua kwanza." Nasugua. Kila mara ni fedha tupu, lakini hakuna anayeomba radhi.

Sentensi moja tu ingemsafisha baba yangu. Ninayo mdomoni, na siwezi kuitoa bila kumvunjia Yingmei ndoa.

Mjifunze kwangu: mzazi akinyamaza, usikimbilie kuujaza ukimya wake kwa matusi. Huenda amenyamaza kwa ajili ya mtu.

Kila asubuhi namwosha, namwambia, "Baba, Bibi Wugai ameniambia. Nisamehe." Kisha naweka mkono wangu juu ya ule wa kushoto, nasubiri.

Daktari anasema mkono huo ni mzima kabisa.

Haujanishika tena.